Nani Kasema TCU Haiuziki Kwenye Televisheni?

Kila Agosti nabandika ratiba ya mechi za TCU, chuo cha hapa Fort Worth, Texas, kwenye mlango wa friji, kando ya ratiba ya zamu zangu za kazi. Tarehe zipo, wapinzani wapo, viwanja vipo. Saa ndizo hazipo. Kwenye mechi nyingi imeandikwa tu kwamba saa itatangazwa baadaye, na anayepanga saa hiyo ni televisheni. Kwa kawaida huamua siku kumi na mbili kabla ya mechi, mara nyingine siku sita tu. Sisi watu wa zamu hatujui kama Jumamosi hiyo mpira utaanza saa tano asubuhi, jua la Texas likianza kuchoma, au saa tatu usiku watoto wameshalala. Baada ya miaka kadhaa hapa Fort Worth nimejifunza kuisoma saa ile kama mtu anavyosoma bei sokoni. Ukipewa alasiri kwenye chaneli kubwa, umethaminiwa. Ukipewa usiku kwenye chaneli ya pembeni, wamekuweka rafu ya chini.

Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na hasa ule wa vyuo vikuu. TCU ni kifupi cha Texas Christian University, chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1873 na ndugu wawili, Addison na Randolph Clark, na ambacho mpaka leo kina uhusiano na kanisa la Disciples of Christ. Wanafunzi wake ni elfu kumi na mbili na ushee. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, mwendo wa saa tatu kwa gari, kina zaidi ya 50,000. Ndiyo maana kila zinapoanza habari za ligi kupangwa upya, wimbo ni uleule: timu nzuri, ila chuo ni kidogo, cha kanisa, hakina watazamaji, hakiuziki. Nimeusikia kazini, nimeusikia kwa kinyozi, nimeusikia redioni nikiwa barabarani. Siukubali.

Wanaouimba siku hizi hukimbilia usiku mmoja, wa tarehe 9 Januari 2023. TCU ilicheza fainali ya taifa dhidi ya Georgia katika uwanja wa SoFi, California, ikafungwa 65 kwa 7. Watazamaji walikuwa milioni 17.2, wachache kuliko fainali yoyote tangu mfumo wa mchujo uanze msimu wa 2014. Kesho yake maneno yakawa mengi: mnaona, chuo kidogo kimeiharibu fainali.

Kilichoiharibu ni matokeo. Timu zilikwenda mapumziko Georgia ikiwa na 38 na TCU ikiwa na 7. Mimi nilibaki mpaka mwisho kwa sababu naipenda timu hii. Mtu wa Ohio au Florida, mwenye kazi asubuhi, angebaki kutazama nini? Miaka miwili kabla yake, Januari 2021, Alabama iliichapa Ohio State 52 kwa 24. Hao ni majabali wawili, vyuo vyenye wafuasi kila kona ya nchi, na bado watazamaji walikuwa kama milioni 18.7. Ulikuwa mwaka wa korona, sawa, lakini sikumsikia mtu akisema Ohio State haiuziki.

Sasa rudi nyuma siku tisa tu kabla ya kile kipigo cha Georgia. Tarehe 31 Desemba 2022, nusu fainali, TCU iliitoa Michigan 51 kwa 45. Watazamaji walizidi milioni 21. Timu ni ileile, jezi ni zilezile za zambarau, chuo ni kilekile cha kanisa. Tofauti ni kwamba mechi ile ilibaki hai mpaka dakika ya mwisho, na hicho ndicho mtu anachokaa sebuleni kukitafuta.

Kuna sekunde chache za msimu ule ambazo sitazisahau. Tarehe 19 Novemba, Waco, nyumbani kwa Baylor, chuo cha Wabaptisti ambacho TCU imekuwa ikipambana nacho tangu 1899. TCU iko nyuma kwa pointi mbili, haijapoteza hata mechi moja msimu mzima, na imemaliza ruhusa zake zote za kusimamisha saa. Mchezaji anaangushwa chini na mpira, saa inaendelea kukimbia. Hapo unaona kundi zima la wachezaji linatoka uwanjani mbio na kundi jingine linaingia mbio, wale wa teke la pointi tatu, wanapishana katikati kama abiria wanaogombea daladala moja. Wanajipanga. Mpira unarudishwa, Griffin Kell anapiga kutoka yadi 40, saa inasoma sifuri mpira ukiwa hewani. Ukapita. 29 kwa 28. Nyumbani kwangu watu tulikuwa tumesimama wote, na mmoja wetu alikuwa hajui hata kanuni za mchezo.

Wangapi kati ya waliotazama siku ile walijiuliza Baylor ina wanafunzi wangapi?

Ili uone dhana hii ya ukubwa ilivyoingia, inabidi urudi mahakamani. Mpaka mwaka 1984 mechi za vyuo kwenye televisheni ziligawiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kiliweka kikomo cha mara ngapi timu moja inaweza kuonekana, kwa hiyo hata wadogo walipata zamu. Chuo cha Oklahoma na cha Georgia vikashtaki, na tarehe 27 Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba mpango ule ulikuwa unaua ushindani wa soko. Sina ugomvi na hukumu yenyewe. Lakini kuanzia siku ile kila mwenye chuo kikubwa alijua ana bidhaa mkononi, na ligi zikaanza kuhesabiwa kwa idadi ya nyumba zenye televisheni katika majimbo yake.

TCU wakati ule ilikuwa kwenye Southwest Conference, ligi ya zamani iliyoanzishwa 1914. Arkansas ilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, vilibaki vyuo vinane, vyote vya Texas, na kwa wanunuzi wa matangazo jimbo moja halikutosha. Mwaka 1994 vinne vikachukuliwa kwenda kuunda ligi mpya, Big 12: Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor. Vilivyoachwa ni Houston, Rice, SMU na TCU.

Mtazame huyo Baylor hapo katikati. Naye ni wa kanisa, naye ni mdogo, na katika miaka ile hakuwa na watazamaji wengi kuliko TCU kwa namna yoyote ya kutisha. Huku Texas inasimuliwa mpaka leo kwamba alibebwa na watu wake serikalini: gavana wa wakati ule, Ann Richards, alisoma Baylor, na naibu gavana Bob Bullock alisomea sheria hukohuko. Wapo wanaobisha kiasi cha mkono wao katika jambo lile. Mimi nachukua hili moja: chuo kimoja kidogo cha dini kilipata kiti kwenye meza ya televisheni na kingine kikakosa, na hakuna aliyehesabu sebule ngapi zinamtazama nani. Aliyepata kiti akaonekana kwa miaka kumi na sita zaidi ya mwenzake. Halafu baadaye tunaambiwa huyu anauzika na huyu hauziki.

Miaka ya TCU nje ya meza ndiyo inayoniuma, hata kama nyingi niliisoma tu baada ya kuja huku. Ilihama ligi tatu. Mwaka 2000 ilikuwa na LaDainian Tomlinson, aliyekimbia yadi 2,158 katika msimu mmoja, mtu ambaye baadaye aliingia kwenye jumba la mashujaa wa mpira wa kulipwa. Wangapi walimwona akiwa chuoni? Kisha 2005 ikaingia Mountain West, na ligi ile ikaanzisha chaneli yake yenyewe mwaka 2006. Wazo lilikuwa la kishujaa, ila chaneli haikuwemo kwenye vifurushi vya watu. Kampuni kubwa ya ving'amuzi vya setilaiti ilikuja kuiweka baada ya miaka miwili. Na ilikuwa ndiyo miaka ambayo TCU ilikuwa moto wa kuotea mbali.

Novemba 2010 TCU ilikwenda Utah, timu zote mbili hazijafungwa, zote zikiwa ndani ya kumi bora za nchi. ESPN, kampuni kubwa ya televisheni ya michezo, walipeleka kipindi chao kikubwa cha Jumamosi asubuhi kurushwa kutoka palepale chuoni, watu wamejaa na mabango. Yaani sherehe ilionekana nchi nzima. Mechi yenyewe ikaonyeshwa kwenye chaneli ndogo ya kulipia ambayo nyumba nyingi hazikuwa nayo. TCU ikashinda 47 kwa 7. Ni kama kuwaalika watu harusini, wakasikia ngoma kutoka nje, kisha mlango ukafungwa. Msimu ule ulimalizika tarehe 1 Januari 2011 kwa kuifunga Wisconsin 21 kwa 19 katika Rose Bowl, mechi kubwa ya Mwaka Mpya, mechi 13 ushindi 13, nafasi ya pili nchini. Mwaka 2012 wakaingizwa Big 12.

Bidhaa umeifungia stoo kwa miaka kumi na sita, kisha unasema haina wateja! Ndiyo hoja yangu yote. Utazamaji wa timu ni mazoea, na mazoea hujengwa na anayepanga saa na chaneli. Mtoto wa Iowa aliyekua akiona jezi za Michigan kila Jumamosi mchana atazitafuta mpaka anazeeka. Zile za zambarau hakuonyeshwa.

Na kuna jambo ambalo kila nikipita pale uwanjani hulikumbuka. Uwanja wa TCU unaitwa Amon G. Carter, ulifunguliwa 1930. Carter alikuwa mwenye gazeti la Fort Worth Star-Telegram, na mwaka 1948 kituo chake cha WBAP-TV kilikuwa cha kwanza cha televisheni kurusha matangazo Texas nzima. Aliyewasha televisheni katika jimbo hili ndiye mwenye jina lile ukutani.

Nije kwenye suala la dini, kwa sababu nalo linasemwa nusunusu. Watu husema jina la kanisa linawafukuza watazamaji wa nje. Basi Notre Dame ni nini? Chuo cha Kikatoliki kule Indiana, wanafunzi wa shahada ya kwanza hawafiki 9,000, na tangu 1991 mechi zake za nyumbani ziko kwenye chaneli ya NBC kwa mkataba wake peke yake. Iliinuliwa na Wakatoliki wahamiaji, Waairishi, Wapolandi na Waitaliano wa miji mikubwa, watu ambao hawakusoma pale wala hawangepata ada ya kusoma pale, lakini walipoona jina lile waliona watu wao wanashinda. Fainali ya Januari 2025 Notre Dame ilicheza na Ohio State, watazamaji milioni 22. BYU ya kule Utah ni ya kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haichezi Jumapili kwa ajili ya imani yake, na bado ESPN walisaini nayo mkataba wa peke yake kuanzia 2011, kwa sababu waumini wake wako kila jimbo.

Kwa hiyo dini haifukuzi watu. Tatizo la TCU, kama ni tatizo, ni kwamba kanisa lake ni dogo na halijawahi kuifanya timu kuwa bendera yake. Hilo nakubali bila kuvutana.

Lakini nina jirani, mzee Mkongo kutoka Mbandaka, Kilingala ndicho lugha yake na Kiswahili alikiokota Lubumbashi. Siku ya kwanza alipokuta natazama mechi aliuliza, "Hawa ni Wakristo wa kanisa gani?"

Nikamwambia, "Disciples, mzee."

Akavua miwani. "Disciples? Wale wa Bolenge?"

Sikujua Bolenge ni wapi. Akanieleza: ni misheni kando ya mto Kongo, karibu na Mbandaka, wamisionari wa kanisa hilohilo walifika huko mwaka 1899, na bibi yake alibatizwa kwao. Tangu siku hiyo hakosi. Anakuja na karanga zake kwenye mfuko wa karatasi, anakaa kiti kilekile cha karibu na dirisha, na timu ikifanya kosa anaisema kwa Kilingala. Ni mtazamaji mmoja tu, najua. Ila hakuna karatasi ya soko ambayo ingemtabiri, na Fort Worth imejaa Wakongo.

Chini ya saa moja kutoka hapa, Dallas, kiko SMU, chuo cha Wamethodisti, na habari zake zinafundisha zaidi kuliko za TCU. Mwaka 1987 kilipewa adhabu ambayo haijawahi kutolewa tena kwa timu kubwa: kwa kuwalipa wachezaji kwa siri, msimu mzima wa mpira ulifutwa, na wenyewe wakafuta wa pili. Walikaa miongo mitatu na zaidi gizani. Mwaka 2023 wakakubaliwa kuingia ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, kwa sharti ambalo niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea: miaka tisa bila kugusa mgawo wa fedha za televisheni za ligi. Matajiri wao wakaahidi dola milioni 100 ndani ya wiki moja kuziba pengo. Hawakuwa wajinga. Walijua wananunua kuonekana. Msimu wao wa kwanza, 2024, wakashinda mechi zote za ligi, wakapoteza fainali ya ligi kwa Clemson 34 kwa 31 kwa teke la yadi 56 sekunde ya mwisho, na bado wakachaguliwa kuingia mchujo wa taifa, Alabama ikaachwa nje. Penn State iliwatandika 38 kwa 10, lakini wapo. Chuo cha watu elfu kumi na mbili hivi kililipia mlango kwa jasho la wengine, ukafunguliwa, na watu wakatazama.

Hapa ndipo nina neno na viongozi wa TCU wenyewe. TCU na SMU zilikuwa zikigombea kikaango cha chuma, kikaango kweli cha kukaangia, katika mechi zilizoanza 1915. TCU ikaamua kwamba baada ya 2025 basi. Sababu zilizotolewa nimezisikia, na naona ni kosa kubwa. Chuo kikubwa kinaweza kucheza na yeyote na kikatazamwa. Mdogo mtaji wake ni uhasama wa kweli, wa jirani kwa jirani, wenye miaka mia moja ndani yake, katikati ya moja ya miji yenye televisheni nyingi kuliko yote Marekani. Hicho ndicho ungepeleka mezani ukiwa unaomba saa nzuri. Kukitupa ni kuwasaidia wanaosema huna cha kuuza.

Na meza inazidi kuwa ngumu. Machi 2025 ACC, baada ya kesi na Florida State na Clemson, ilikubali mgawo mpya wa fedha za televisheni: asilimia 40 wanagawana sawa, asilimia 60 kwa kadiri ya watazamaji wa kila timu kwa miaka mitano. Inaonekana haki. Lakini anayepanga nani acheze saa tisa alasiri kwenye chaneli ya bure na nani acheze usiku kwenye programu ya kulipia ni huyohuyo mnunuzi wa matangazo. Aliyewekwa mbele anahesabiwa wengi, analipwa zaidi, ananunua wachezaji bora, anawekwa mbele tena. TCU iko Big 12, ambako kwa mkataba wa sasa na ESPN na Fox vyuo vinapata wastani wa dola milioni 31.7 kwa mwaka. Natamani viongozi wao wasiige mgawo ule, hata wakishawishiwa na wale wenye nambari nzuri za mwaka mmoja.

Nitataja pia kinachonipinga. Septemba 2023, mechi ya kwanza baada ya ile fainali, Colorado walikuja Fort Worth wakashinda 45 kwa 42, na watazamaji walizidi milioni saba. Walikuja kumwona Deion Sanders, nyota wa zamani wa mpira wa kulipwa, kocha mpya wa Colorado. TCU, mshindi wa pili wa nchi, ilikuwa mandhari tu. Siwezi kudai zile milioni saba ni zetu. Ila waliofika kwa ajili ya Deion walipata mechi ya kusisimua mpaka mwisho, na mechi hiyo ilichezwa na pande mbili.

Mwaka 2025 ikawa vilevile. Jumatatu, 1 Septemba, sikukuu ya wafanyakazi huku, ESPN waliwapa North Carolina usiku mzima kwa ajili ya Bill Belichick, kocha mwenye mataji sita ya mpira wa kulipwa, akianza kazi chuoni. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa TCU. Michael Jordan, nyota wa kikapu aliyesoma hapo, alikuwa kati ya watazamaji uwanjani. North Carolina wakafunga mara ya kwanza waliposhika mpira, uwanja ukalipuka. Baada ya hapo TCU ikafunga pointi 41 mfululizo. Iliisha 48 kwa 14. Karibu kila TCU walipofunga, kamera ilirudi kwenye uso wa yule kocha, na mzee wangu wa Mbandaka akawa anainama mbele kwenye kiti, karanga mkononi, anataka kuona aliyefunga ni nani, nambari ngapi, mtoto wa wapi.

Mechi ilipokwisha akakung'uta maganda ya karanga kwenye mfuko, akasimama, akauliza ile ya Kansas State mwezi ujao ni saa ngapi ili amwambie mwanawe ampangie zamu. Nikaenda jikoni kutazama kwenye friji. Tarehe ilikuwepo. Nikarudi nikamwambia bado hawajasema.